Galbet Tulipokunywa Moshi

Enzi zetu, na ninaliandika neno hilo kwa woga kwa kuwa sijafikisha hata miaka thelathini, mtu aliweza kufumba macho popote mjini kwetu Galbet saa kumi alasiri na kujua yuko karibu na nyumba ya nani. Hakuhitaji kusikia sauti. Huku zilitandazwa ngozi za mbuzi zilizotiwa chumvi, zikinuka hata inzi wenyewe wakizungukazunguka kabla ya kutua. Kule walifungwa punda wa muuza maji, wamelowa mgongo mzima, wametoka mtoni na mapipa. Na kwetu kulikuwa na moshi. Haukuwa moshi wa kupikia. Ulikuwa mwembamba, mtamu, wenye uchungu kidogo mwishoni, kama ganda la chungwa lililoungua. Ulikuwa moshi wa mama yangu, na mji ulikuwa ukiunywa.

Nikisema ukiunywa, sitii chumvi. Mama, ambaye sisi humwita Hooyo kama Wasomali wote wanavyowaita mama zao, alikuwa muuza maziwa ya ngamia. Kaka yake, abti yetu, alichunga ngamia mbali porini, na kila asubuhi maziwa yalifika mjini juu ya lori, ndani ya vibuyu vya nyuzi za mizizi tunavyoviita dhiil. Ninyi mliokulia huku mnavijua. Vimesukwa kwa mkono, vimekazwa sana hata havivuji, na kifuniko chake ndicho kikombe. Vikishamwagwa maziwa sokoni, Hooyo alivirudisha nyumbani, akavisuuza kwa maji kidogo, kisha akavifukiza.

Kufukiza kulikuwa hivi. Alichoma vijiti vya mti fulani ambao abti aliutuma pamoja na maziwa, mpaka vikawa makaa mekundu. Jina la mti huo kwa Kiswahili silijui. Nimelitafuta kwenye kamusi, nimewauliza watu, nimekosa, na jambo hilo linaninyima raha kuliko inavyostahili. Aliyatia makaa ndani ya dhiil, akafunika, akaitikisa taratibu karibu na sikio lake, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Makaa yalibingirika ndani. Akisikia anachotaka kusikia, aliyamwaga, akapangusa ndani kwa kitambaa, na hapo dhiil ilikuwa tayari kurudi porini. Maziwa yakikaa humo hayakuharibika haraka hata kwenye joto letu, ambalo nyote mnalijua na sina haja ya kulisimulia. Na yalipata ladha. Kila mwanamke alikuwa na mti wake na namna yake, na wanywaji walizitambua kama mnavyotambua leo sauti ya mtu kwenye simu. Mzee akionja kikombe cha kwanza alisema, "Hii ya mama Hodan," na mimi Hodan, nikiwa nimesimama pale na viatu visivyolingana, nilijiona nimetajwa mbele ya taifa zima.

Tulicheza biashara hiyohiyo. Wasichana wa mtaa wetu hatukuwa na wanasesere. Tulikuwa na vifuniko vya soda, jivu na maji. Jivu likichanganywa na maji huwa jeupe kiasi cha kudanganya. Tulipanga vifuniko juu ya ubao, tukavaa leso za mama zetu kichwani, tukapiga kelele za kuuza. Asiyeweza kupiga kelele alifanywa kuwa mteja, na kuwa mteja ilikuwa adhabu, kwa sababu mteja alilazimika kuonja. Jivu la Galbet nalijua ladha yake mpaka leo. Wavulana walifanya mnada wa mifugo: mmoja mbuzi, mmoja muuzaji, mmoja dalali, na dalali na muuzaji wakashikana vidole chini ya shati wakibonyezana bei kwa siri, kama walivyowaona watu wazima wakifanya siku ya mnada. Yule mbuzi alichoka kabla ya bei kukubaliwa, akaenda zake kwao kula anjera.

Asubuhi tulikwenda madrasa tukiwa tumekumbatia mbao zetu zenye aya zilizoandikwa kwa wino wa mkaa, halafu shule, halafu sokoni kwa mama. Korongo wakubwa walitembea katikati ya watu wakiwa wamekunja mabega kama wakaguzi wa serikali. Tulikunywa maziwa, tukatafuna nyirinyiri, vile vipande vya nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, tukapanguza mikono kwenye sare za shule na kuchapwa kwa sababu hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo huwa naona haya kulisema. Kisomali cha Hooyo kilikuwa kizuri mno. Wanawake wenye ugomvi walimwita awasuluhishe kwa sababu alijua kuliweka neno mahali pake. Lakini Kiswahili alikuja kukutana nacho sokoni, akiwa mtu mzima, kutoka kwa walimu, polisi na makarani wa bara, na alikichukua kama mtu anavyookota kuni: kilichokuwa karibu. P kwake ilikuwa b. V ilikuwa f. Na kati ya kunuka na kunukia hakuona tofauti yoyote.

Hivyo basi, kila asubuhi, kwa sauti iliyofika mpaka barabara kuu, mama yangu mzazi aliutangazia ulimwengu: "Maziwa ya ngamia! Nanuka! Nanuka sana! Karibu!"

Wageni wa bara walisimama kana kwamba wamevutwa shati. Namkumbuka mwalimu mmoja aliyekuwa amehamishiwa kwetu wiki hiyohiyo, bado ana viatu vyeusi vinavyong'aa. Alimtazama Hooyo, akaitazama dhiil.

"Mama," akasema, "kama yananuka mbona unayauza?"

"Nauza kwa sababu nanuka," Hooyo akamjibu kwa fahari. "Kama hainuki, mimi nabatia baka."

Mwalimu hakuelewa kwamba baka ni paka, akafikiri ametishiwa. Wanawake wa pale wakacheka mpaka leso zikawadondoka. Akanunua kikombe, nadhani kwa kuona haya, akanywa, akaomba kingine. Tangu siku hiyo hadi alipohamishwa alipita kila asubuhi. "Mama, leo yananuka?" alikuwa akiuliza kwa mbali, na Hooyo akijibu, "Nanuka kabisa, mwalimu!" Aliwafundisha wenzake mwito huo. Kituo kizima cha polisi kiliujua.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa mtoto wa namna ile ambayo hufuta neno kwenye daftari mpaka karatasi inatoboka. Nilimwambia nyumbani, kwa Kisomali, "Hooyo, sema yananukia. Ongeza i."

"I moja tu?"

"Moja tu."

"Na hiyo i," akaniuliza huku akitikisa dhiil sikioni, "itaniletea wateja wengine?"

Kesho yake alinuka kama kawaida.

Kidato cha pili niliacha shule. Ukame ulikuwa umewapunguza ngamia wa abti mpaka maziwa yaliyofika yakawa ya kujaza dhiil chache tu, na sikuwa peke yangu niliyeacha. Kiswahili nilichobaki nacho nilijifundisha mwenyewe: taarifa ya habari redioni, na magazeti ya kufungia nyama. Gazeti la kufungia nyama lina tatizo lake. Unasoma habari mpaka inapokolea, halafu inaishia kwenye mkunjo uliochanika, na nusu iliyobaki imekwenda nyumbani kwa mtu mwingine na maini yake. Nadhani ndiyo sababu mpaka leo siamini kwamba sentensi yangu yoyote imekamilika. Aya hii mnayosoma nimeiandika na kuifuta hadi nimejichukia.

Mji nao ulikuwa unajiandika upya, bila kufuta kwa uangalifu kama mimi. Kwanza alitoweka mchuuzi wa ngozi. Bei ya ngozi ilianguka, zikawa zinatupwa, na korongo wakanenepa. Kisha mabomba yalifika katika baadhi ya mitaa na pikipiki katika mingine, na punda wa maji wakapungua. Ulipokuja ugatuzi, zilikuja ofisi, na pamoja na ofisi hoteli za ghorofa, na pamoja na hoteli watu wenye vitambulisho vinavyoning'inia shingoni. Watu waliuza mbuzi wakanunua viwanja, wakauza viwanja wakajenga maduka ya simu. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nafanya kazi katika kiduka cha kuchapa na kutoa nakala, karibu na ofisi hizo, na kutwa nzima nawachapia vijana barua za kuomba ajira. Mji uliokuwa ukiuza maziwa na ngozi sasa unauza maombi ya kazi.

Na majokofu yakaja. Mtu mwenye jokofu hana haja ya moshi. Paketi za maziwa kutoka bara zikajaa madukani. Mdogo wangu Liban, aliyeikuta dunia ikiwa tayari ina taa za barabarani, siku moja alionja kikombe cha nyumbani akakunja uso.

"Hooyo, hii ni kama imetoka kwa egzosi ya lori."

"Waryaa," Hooyo akamwambia, kama mama huku anavyomwita mtoto wa kiume aliyekosa adabu, "egzosi hiyo ndiyo iliyokukuza mpaka ukapata mdomo."

Liban akaenda kununua maziwa ya rangi ya waridi yenye mrija, akajipiga video akiyanywa. Watu wengi walimpenda kwenye simu. Sisi tuliokunywa jivu la vifuniko vya soda hakuna aliyetupiga video, na nashukuru.

Wateja wa Hooyo walipungua mmoja mmoja. Wazee waliomtambua kwa kikombe cha kwanza walifariki. Walimu wapya walinunua paketi. Palibaki mnunuzi mmoja tu wa maana, naye hakuwa mtu: kituo cha kupoza maziwa kilichofunguliwa pembezoni mwa mji, ambapo maziwa ya ngamia ya wanawake wote hukusanywa, hupozwa na kupelekwa Nairobi kwa lori la baridi. Wenzake wengi walikuwa wameanza kupeleka huko. Hooyo alikataa kwa muda mrefu. Halafu asubuhi moja alirudi kutoka sokoni na dhiil zake zimejaa kama zilivyotoka, akakaa nazo kivulini, na jioni maziwa yale yote akawapa majirani. Kesho yake akaniambia, "Twende huko. Wewe una Kiswahili."

Tulikwenda siku iliyofuata, na dhiil mbili. Usiku uliopita abti alipigiwa simu na kuambiwa achague ngamia aliyekamuliwa vizuri. Alasiri iliyotangulia usiku huo, kabla ya kuzituma porini, Hooyo alikuwa amezifukiza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akifanya, akasikiliza, akarudia. Alivaa garbasaar yake ya Idd, ile shela kubwa ya maua. Tulipanga foleni na wanawake wenzake, wao wakiwa na mitungi ya alumini, yeye peke yake na vibuyu vya kusukwa, na nilimwona akiviinua kidogo kila foleni iliposogea, ili vionekane.

Mpimaji alikuwa kijana wa bara, mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Nataka mjue kwamba alikuwa mpole. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mkorofi. Alifungua kifuniko, akainamisha pua, akakiinua kichwa.

"Mama," akasema, "samahani sana. Maziwa yako yananuka."

Hooyo akatabasamu uso mzima. Meno yote. Akaweka mkono kifuani.

"Asande, mwanangu," akasema. "Asande sana. Mungu akubariki. Nanuka, eh?" Akageuka kwa wenzake kwenye foleni, akawaambia kwa Kisomali, "Mmesikia? Kijana ana pua."

Kijana akanitazama mimi. Alidhani anatukanwa au anadhihakiwa, hakujua lipi. "Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "mweleze. Harufu ya moshi. Wanunuzi wa Nairobi hawaitaki, inaharibu tangi zima. Sitaweza kuyapokea."

Miaka yote ile nilikuwa nikingoja aijue tofauti ya maneno yale mawili. Mara ya kwanza maishani mwangu nikaomba kosa lake liwe sahihi, na Kiswahili chote kilichobaki ndicho kiwe kimekosea. Wanawake wote walikuwa wameelewa isipokuwa yeye, kwa sababu kila mmoja wao aliambiwa vivyo hivyo siku yake ya kwanza.

"Anasema nini?" Hooyo akaniuliza, bado ana tabasamu, lakini sasa limekuwa la kungoja.

"Anasema moshi," nikamjibu kwa Kisomali.

"Moshi umefanyaje?"

"Hawautaki, Hooyo. Huko yanakopelekwa hawautaki."

"Ameonja?"

"Hajaonja."

"Mwambie aonje."

Nikamwambia. Kijana akasema haruhusiwi kuonja maziwa mabichi, ni sheria ya kituo, na akalisema hilo huku ametazama mikono yake. Nikamtafsiria Hooyo.

"Mtu anakataa maziwa na hajayaonja," akasema, si kwa hasira, kama anayejaribu kuelewa habari ya nchi ya mbali. Kisha akauliza kwa Kisomali, "Lile neno alilosema mwanzo. Nanuka. Ni lipi hasa?"

Nikamwambia. Sikulipamba. Kama nilijifunza lugha hii kwa ajili ya jambo lolote, basi sikujifunza ili nimdanganye mama yangu kwayo.

Hooyo akatikisa kichwa mara chache, taratibu. Uso wake ukawa ule wa mtu anayekumbuka asubuhi nyingi, moja baada ya nyingine, na kuzitazama upya. Nadhani aliwaona walimu wote. Halafu akavua kifuniko cha dhiil ya kwanza, akakijaza, akampa mwanamke aliyekuwa nyuma yetu, muuza maziwa mwenzake wa siku nyingi aitwaye Halima.

"Kunywa wewe," akamwambia.

Halima akanywa akiwa amesimama na mtungi wake wa alumini mkononi. Akafumba macho. "Wallahi, Mama Hodan," akasema. Kikombe kikapita kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka mwisho wa foleni, na kikarudi. Walikunywa dhiil mbili zote pale mlangoni pa kituo, wanawake ambao wenyewe walikuwa wameacha kufukiza, kila mmoja akisema alhamdulillah. Kijana wa koti jeupe aliiacha foleni ikae. Kikombe kilipomfikia, alikitazama, akamtazama Hooyo, akasema, "Asante, mama, siruhusiwi." Hooyo akamwambia, kwa Kiswahili, "Haya, mwanangu. Si makosa yako." Maneno hayo aliyatamka vizuri yote.

Wiki iliyofuata alinunua mtungi wa alumini.

Vibuyu alivipandisha juu ya kabati. Dhiil isipotiwa maziwa hukauka, nyuzi zake zikalegea, na ikishalegea haizibiki tena. Zake zimeanza kuachana kwenye mishono. Mwenye hoteli mmoja alikuja kuziulizia; anazitundika ukutani kwenye ukumbi wa chakula na kuzichomeka maua ya plastiki. Hooyo alimsikiliza kwa heshima, akamnywesha chai, akamsindikiza mpaka mlangoni, hakumpa hata moja.

Siku hizi mambo yetu si mabaya, na ni lazima niseme hivyo kwa kuwa ni kweli. Kituo hulipa. Maziwa hayarudi nyumbani. Hooyo hafuti tena machozi ya moshi, na kifua chake kimepona kikohozi cha jioni alichokipata kwa moshi huo. Watoto wa Galbet hawachapwi kwa kupanguza samli kwenye sare. Ukimwuliza mtoto wa leo mji wetu unatengeneza nini atakutazama kama umemwuliza mvua inatengenezwa na nani. Vitu hutoka kwenye lori, na lori hutoka Nairobi. Sisi tulijua. Tulijua maziwa yametoka kwa abti, moshi kwa mama, maji kwa punda yule mwenye sikio lililokatika, ngozi kwa mbuzi tuliyemlilia jana yake. Hatukuwa na kitu kisichokuwa na mwenyewe.

Jana nilipita kituoni kumchukua Hooyo. Alikuwa ameshapokewa maziwa na kulipwa, na wenzake walikuwa wameondoka, lakini yeye alikuwa bado amesimama mlangoni, mtungi mtupu mkononi, akiangalia ndani ambako kijana alikuwa akimimina maziwa ya watu wote kwenye tangi moja kubwa linalong'aa. Yalikuwa meupe sawasawa. Nikamwuliza anangoja nini.

"Hapana kitu," akasema. "Nilitaka kuona yangu ni yapi."